Damu ya Kitanda cha Sita

Kwako mwanangu Hilda,

Umekwenda Pongwe kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu shangazi yako hajui kumwachia mtu aende bila kula mara mbili. Nimepata nafasi. Sanduku lako liko hapa mlangoni, limefungwa kamba, nami nimekaa kwenye meza ya marehemu baba yako.

Habari za kuchemsha maji, kushona fedha kwenye nguo na kutozoeana na watu wa kwenye basi nimewaachia mama zako wadogo. Wamekueleza tangu Jumapili na hukusikiliza hata neno moja, nilikuona. Mimi nina jambo jingine. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo utaniuliza maswali katikati, kama kawaida yako wewe unayejua kila kitu tangu darasa la tatu, nami nitapata mahali pa kukwepea. Nitakupa barua hii kesho basi likiwa limekwisha kuwashwa. Siwezi kukutazama ukiisoma.

Jambo lenyewe ni hili: huenda nafasi yako ya chuo cha wauguzi ikaondolewa, na aliyeiondoa ni mimi. Soma mpaka mwisho kwanza. Ukimaliza, kasirika unavyotaka.

Wodi yetu ya wanawake unaijua. Vitanda kumi na viwili, sita upande huu na sita upande ule, na namba zimepakwa rangi ukutani, juu ya kila kitanda. Zinazunguka, kwa hiyo wa sita anatazamana na wa saba. Miaka ile tuliwaita wagonjwa kwa namba hizo. Usituone wajeuri. Nusu ya wanawake tuliokuwa nao walikuwa Mwana-huyu na Mwana-yule, na nusu nyingine ukiwauliza jina wanakupa la mtoto wao wa kwanza. Ukimuuliza mke wa mtu jina la mumewe, anacheka na kugeuza uso. Namba ilitupunguzia kazi, na wao iliwaondolea haya. Hata damu ikitolewa kwenda kupimwa, kichupa kilibandikwa karatasi yenye namba ya kitanda tu.

Maabara alikuwako Bwana Omari, mtu wa Tongoni, mrefu, mwenye mwandiko uliotulia. Kila damu aliipima mara mbili. Ndiye aliyenifundisha mimi, maana huko nyuma nilidhani damu ni damu. Aliniambia, "Mama Hilda, damu za watu zina makundi. Ukimtia mtu isiyopatana na yake, mwili wake utapigana nayo, na huenda ukashindwa." Alipokwisha kupima na kupata mtu wa kutoa damu inayofaa, alituletea chupa imeandikwa namba ile ile ya kitanda.

Miaka minne iliyopita aliletwa msichana wa Chumbageni, jina lake Zainabu. Mimba ilikuwa imeharibika na damu ilikuwa haikatiki. Nikampa kitanda cha sita, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kitupu. Saa sita mchana tukamtoa damu ya kupimia, yeye na mwenzake wa kitanda cha kwanza, kule mlangoni. Huyo wa kwanza alikuwa mke wa mkata mkonge, mtu wa Songea, tukimwita Mama Anjelina. Alikuwa anangoja kupasuliwa uvimbe tumboni na daktari alitaka aongezwe damu kabla.

Alasiri nilikwenda kumbadilisha Zainabu nguo. Akabana miguu. Nikadhani ni maumivu, kumbe macho yake yako kitanda cha saba. Pale alilala Bi. Mwanakombo, mguu umefungwa mbao, na alikuwa amejifunika kanga usoni wakati wa joto lile.

"Bi nesi," Zainabu akaninong'oneza, "nakuomba kwa jina la Mungu. Yule ni mavyaa wangu, kamzaa mume wangu. Nifunuliwe mbele yake na damu hii? Bora nife."

"Hakutazami, mwanangu. Kajifunika."

"Ndiyo hivyo. Kajifunika kwa ajili yangu. Mtu mzima anakosa hewa kwa ajili yangu."

Sisi Wabondei nasi tuna adabu zetu za ukwe, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nikaenda kwa Mama Anjelina nikamwomba wabadilishane mahali. Akasema, "Ndiyo, mama." Kiswahili chake kilikuwa kidogo na heshima yake ilikuwa nyingi, na kila ulilomwambia alilijibu hivyo. Vitanda vilikuwa na magurudumu. Nikavisukuma mwenyewe, wa sita akaenda mlangoni na wa mlangoni akaja kwenye sita. Bi. Mwanakombo alipofunua kanga na kumkuta mgeni mbele yake, alinitazama akasema, "Mungu akulipe, mama." Nilikwenda nyumbani nimejaa sifa zangu mwenyewe. Nikajiona nesi anayejua watu, si kama Sista wetu wa Kizungu aliyechukia mgonjwa asogezwe hata hatua moja. Kwa sababu ya huyo Sista, na kwa sababu zamu yangu ilikuwa imekwisha, sikuandika kitu kwenye daftari la wodi.

Asubuhi yake Bwana Omari akaleta chupa mbili, moja imeandikwa sita na nyingine moja. Mganga msaidizi akawatia wote wawili sindano ya mpira wa damu mshipani, akakimbilia chumba cha upasuaji alikokuwa daktari. Kutundika chupa ilikuwa kazi yangu. Nikatundika ya sita chini ya namba sita na ya moja chini ya namba moja. Miaka kumi na moja nilikuwa nikisoma ule ukuta kwa namna hiyo hiyo. Nilimuuliza hata Mama Anjelina, "Hii ni damu yako, mama, sawa?" Akasema, "Ndiyo, mama."

Haikupita hata robo saa. Alianza kushika kiuno. Kisha baridi ikamshika, mchana ule wa joto, kitanda kikawa kinalia kwa mtetemeko wake. "Mama, mgongo," alisema. "Mama, mgongo." Nikafunga mpira wa damu. Nikageuka kutafuta mtu wa kumtuma kwa daktari, macho yangu yakaangukia mlangoni. Pale chini ya namba moja nikamwona Zainabu, na chupa yenye karatasi ya moja juu yake.

Sasa nakuomba usome taratibu. Yote niliyokwisha kukuandikia ni kosa, na kosa mtu yeyote hulifanya. Linalofuata ni lile ambalo sijapata kumwambia mtu, wala baba yako alipokuwa hai, wala padri.

Sikutuma mtu kwa daktari. Kwanza nilitungua chupa zote mbili. Kisha nikamsukuma Mama Anjelina anayetetemeka, nikamrudisha mlangoni, nikamsukuma Zainabu nikamrudisha sita. Akanishika mkono, "Bi nesi, tena?" Nikamwambia avumilie siku moja. Bi. Mwanakombo aligeukia ukutani na ule mguu wake uliovunjika, akakaa hivyo mpaka adhuhuri ili asimwone mkaza mwanawe. Nikapeleka chupa kuoshwa, nikazimwaga na kuzisugua mwenyewe. Baada ya hayo ndipo nilipomwita daktari.

Mama Anjelina alikufa kesho yake alasiri. Mkojo wake ulikuwa mweusi. Sijui kama muda ule nilioutumia kusukuma vitanda ungemwokoa. Bwana Omari angejua kunijibu, na yeye ndiye mtu mmoja nisiyeweza kumuuliza.

Zainabu alipona. Chupa aliyopewa ilikuwa ya lile kundi ambalo kwa kawaida halimdhuru mtu. Hiyo ilikuwa bahati tu.

Daktari aliuliza. Mimi nilikuwa nimesimama na aproni safi. Akasema, "Mama Agnesi, kuna mgonjwa aliyehamishwa?" Nikasema hapana. Akauliza chupa ziko wapi, nikasema zimeoshwa kama desturi. Basi lawama ikabaki maabara. Bwana Omari alileta daftari lake na lilikuwa sahihi, wakamwambia aliandika sawa akabandika visivyo. Alisema, "Nilipima mara mbili, Bwana." Hakunitazama. Mwezi haukwisha akaachishwa kazi.

Mume wa Mama Anjelina alikuja kuchukua maiti na wenzake wawili wa shambani. Alinishukuru kwa kumwuguza mkewe. Nilipokea shukrani hiyo, Hilda. Nilisema, "Asante, pole baba," nikarudi kutandika kitanda.

Utauliza kama nililia. Sikulia. Ukilalia mkono kwa muda mrefu unaamka haupo, unaushika unaona ni wa mtu mwingine. Mimi nimekuwa hivyo mwili mzima tangu siku ile. Baba yako alipofariki mwaka uliofuata, watu walinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Nilikuwa sihisi kitu, na hata sasa ninapoandika habari hizi mkono wangu hautetemeki, nami ningependa utetemeke.

Baada ya kifo cha Mama Anjelina nilifanya kitu kimoja, na hiki ndicho kilichokupatia wewe nafasi ya chuo. Nilimwendea Sista nikamwambia tuache namba. Kila anayelazwa tumfunge mkononi kitambaa chenye jina lake, jina la baba yake na kijiji chake, na kichupa cha damu kiandikwe hivyo hivyo kitandani pake, kabla hatujaondoka. Asifungue damu mtu mmoja, wawepo wawili, mmoja asome chupa na mwingine asome mkono. Na tusimwambie mgonjwa, "Wewe ni fulani?" kwa maana watu wetu kwa adabu watakujibu ndiyo hata ukiwaita jina la paka. Tumuulize, "Jina lako nani?" tungoje alitaje mwenyewe.

Wauguzi walinicheka. Walisema Mama Agnesi anafunga watu vitambaa kama mbuzi wa mnadani. Wanawake waliona haya kutaja majina, nikakaa nao mmoja mmoja mpaka wakazoea. Hata kuhamisha kitanda sasa kunaandikwa kwa wino, na saa yake. Tangu hapo hatujapoteza mtu kwa damu isiyo yake katika wodi ile. Daktari alifurahi sana. Mwaka huu ulipoomba chuo, aliandika barua akawaambia kwamba mama yako ndiye aliyeanzisha utaratibu ule, na kwamba binti aliyelelewa na muuguzi wa namna hiyo hana haja ya kupimwa tabia. Ulikuja unakimbia na nakala ya barua ile kutoka hospitali mpaka hapa Usagara, kiatu kimoja mkononi. Niliitia kwenye kabati chini ya shuka. Sikuweza kuisoma mara ya pili.

Mwezi uliopita nilikwenda mazikoni Tongoni, nadhani unakumbuka. Nikamkuta Bwana Omari anagawa maji ya kunawa. Amezeeka. Analima mihogo na kuangua nazi za watu, na mwanawe wa kwanza ameacha shule. Tulisalimiana vizuri. Akaniuliza, "Vile vitambaa vya mkononi nilivyosikia, bado mnavifunga?" Nikasema tunavifunga. Akasema, "Jambo jema lile, Mama Hilda. Lingekuwako zamani." Kisha, bila kubadili sauti, akasema kila akimaliza kuswali alfajiri hukaa pale pale akazipima tena zile damu kichwani, atafute alipobandika vibaya. Miaka minne. Hajapapata.

Mtu huyo anatafuta kosa ambalo liko kwangu, na ameanza kuamini kuwa ni lake.

Nilirudi kutoka kule nikasema nitangoja. Hilda aende, amalize, avae kofia yake, kisha nitasema. Nikajifumania nikifanya hesabu hiyo jikoni nikichambua mchele. Nilijificha nyuma ya Bwana Omari, na sasa nilikuwa natafuta kujificha nyuma yako, mwanangu wa kuzaa. Nikaacha mchele pale.

Leo asubuhi nilikwenda kwa daktari. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na kuosha chupa. Hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini akasema, "Mama Agnesi, mimi nilikusifu." Nikasema najua, Bwana. Akauliza kwa nini leo, na binti yangu anaondoka kesho. Nikasema ni kwa sababu anaondoka kesho. Akasema ataandika kwa wakubwa wake habari za Bwana Omari, ila hawezi kuahidi kitu. Mimi nisije kazini mpaka niitwe. Na akasema, kwa kuwa nafasi yako ilipatikana kwa barua yake, hana budi kuwaandikia chuo kwamba aliyoyaandika juu yangu hayakuwa kweli. Wakikupokea au wakikurudisha, hilo ni lao.

Nilimwomba aongeze mstari mmoja kwamba wewe hukujua lolote. Akasema ataongeza.

Barua hiyo ameiandika mchana huu, na karani ameipeleka posta. Itakwenda na mfuko wa posta wa kesho, katika basi lile lile utakalopanda. Itakuwa juu ya paa pamoja na sanduku lako.

Sasa sikiliza. Basi litafika Dar es Salaam jioni, na mfuko hupelekwa posta, ufunguliwe asubuhi. Asubuhi hiyo, kabla ya saa mbili, nenda kwa Sista mkuu wa chuo. Usile kwanza, usitafute mwenyeji wa kukusindikiza. Mwambie jina lako na la baba yako. Mwambie kuna barua inakuja kutoka Tanga, na inasema nini. Uiseme yote, na habari ya kusukuma vitanda usiiruke. Usinitetee. Usiseme mama yangu alikuwa amechoka, au wagonjwa walikuwa wengi, au adabu za watu ndizo zilizoleta. Zainabu hakukosea kuona haya, wala Mama Anjelina kuitikia ndiyo. Kisha mwambie unataka kazi hii, kama unaitaka. Mimi naamini unaitaka, lakini naweza kuwa nimekosea na hilo pia.

Nakujua utawaza kwamba ningeweza kukuachia mwezi mmoja wa furaha. Ningeweza. Nimekufanyia jambo gumu, na sikukuuliza, kama vile sikumuuliza Bwana Omari. Nakupenda. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu najua ni kweli, ingawa leo silisikii kifuani, na sitaki udhani ukavu wangu wa kesho stendi ni kutojali. Nikikukumbatia upesi nikakusukuma ndani ya basi, elewa hivyo.

Wakikupokea, fanya kazi. Wakikurudisha, nitakuwa stendi kila basi la Dar es Salaam linapoingia, juma zima. Utashuka utaniona. Na kama siku hiyo moyo wako hautaki kuniamkia, pita tu, mwanangu, mimi nitabeba sanduku nikufuate nyuma.

Ni mimi mama yako,
Agnesi